Madoa meupe ya maji ya kisima kwenye kioo na boneti, nayatoaje bila kuharibu rangi?

Mpangaji wa Mwanga

Wakuu habari za jioni, naomba msaada kwa wanaojua mambo ya magari hasa upande wa rangi. Nina Harrier nyeusi, niko hapa Kigoma mjini. Pale nilipopanga kuna tanki limewekwa juu ya mnara linajazwa maji ya kisima, sasa boya limekufa kwahiyo pampu ikiwashwa maji yanamwagika tu, na ule upepo wa mchana wa kutoka ziwani unayapeperusha mpaka kwenye gari, na sehemu ya kupaki ni hiyo hiyo moja hakuna nyingine. Mwenye nyumba kaambiwa, anasema fundi anakuja. Nilisafiri kikazi kiangazi hiki gari likabaki pale, mvua hamna hata tone la kusuuza, nimerudi nimekuta kioo cha mbele upande wa abiria, boneti na sait mira ya kushoto vimejaa madoa meupe.

Ukisogea karibu kila doa ni duara, pembeni kuna mstari mweupe mzito katikati pako wazi. Nimeosha kwa shampuu ya gari, likiwa limelowa hayaonekani, likikauka yamerudi yale yale na mahali pale pale. Kinachonipa presha zaidi ni usiku, nikikutana na gari lenye taa kali kioo kinakuwa cheupe chote, barabara siioni vizuri na njia ya kwenda Kasulu naipita kila wiki.

Sehemu moja ya kuoshea magari kijana kaniambia anayatoa kwa dawa ya choo dakika mbili tu, mwenzake akasema hapana, apewe msasa wa maji namba 2000. Sijaruhusu mtu aguse. Naombeni mwongozo, nianze na nini na kitu gani kinapatikana hapa hapa bila kuagiza Dar?

Dereva Noah

Mkuu hiyo mbona ndogo, chukua kitambaa weka mafuta ya taa au hata mawese kidogo pitisha kwenye boneti, linang'aa kama limetoka bandarini. Nafanya hivyo miaka yote.

Fundi Rangi Ujiji

Dereva Noah hapo umeyaficha kaka hujayatoa. Mafuta yanajaza zile duara jicho lisizione, na vumbi letu hili jekundu linaganda juu ya mafuta, siku ya kuosha unasugua vumbi kwenye rangi na hiyo ndo mikwaruzo unayoiona juani. Kwenye kioo cha mbele usijaribu kabisa, waipa zikipita hapo na mvua inanyesha huoni kitu.

Mleta mada pole sana. Umefanya vizuri kumzuia huyo wa dawa ya choo. Nyingi ya zile dawa kali ni asidi ya haidrokloriki, madoa yanayeyuka kweli tena kwa kuchemka mbele ya macho yako ndo maana vijana wanaipenda, lakini haichagui, ikitiririka inaingia kwenye urembo wa madirisha, kwenye skrubu, kwenye kila sehemu rangi ilipochubuka ikaacha chuma wazi, na kutu inaanzia hapo wewe huna habari. Napokea magari yenye michirizi ya kijivu kwenye ule urembo wa kung'aa pembeni mwa vioo, mwenye gari anauliza itatoka na nini, haitoki, ni kununua mwingine. Na msasa kwenye boneti usikubali. Msasa ni hatua ya mwisho kabisa, ya mtu ambaye mashine ya polishi iko pembeni yake na anajua anakata kiasi gani. Juu ya rangi ya kiwandani kuna tabaka tunaita klia, hilo ndo linang'aa na ndo linakinga jua, na kwenye gari nyingi unene wake ni kama maikroni 40 hadi 50, unywele wa kichwani kwako ni mnene kuliko hapo. Kijana mwenye nguvu zake hizo dakika mbili zinamtosha kufika kwenye rangi yenyewe, baada ya hapo unalipia boneti nzima ipigwe upya.

Kabla hujanunua chochote jua kwanza doa limekaa juu au limeshakula. Osha gari likauke, kidole chako kivishe nailoni laini (ile inayofungashiwa mikate inafaa sana) halafu pitisha taratibu juu ya doa. Ukisikia kikwazo, kama kachanga kamegandia, hilo liko juu na litatoka kwa siki. Ukisikia pako laini lakini jicho linaona duara, au kidole kinazama kidogo, hapo maji yameshakula klia na siki haitakusaidia, hiyo ni kazi ya kompaundi (ile krimu ya kusagia rangi). Boneti nyeusi iliyokaa juani kiangazi chote utakuta zote mbili zipo kwenye gari moja, kwahiyo usikate tamaa ukitoa yale ya juu ukakuta chini kuna kivuli kimebaki.

Kioo na rangi usivifanye kwa namna moja. Kioo ni kigumu kinavumilia, rangi haivumilii.

Kioo: gari liwe kivulini na liwe la baridi, weka kiganja, ukisikia joto subiri. Osha vumbi lote kwanza. Chukua siki nyeupe ya dukani ya kawaida usichanganye na kitu, lowesha taulo au karatasi za jikoni, zibandike juu ya madoa zishike zenyewe, ziache dakika tano mpaka kumi na zikitaka kukauka mwagia tena. Ukitoa sugua kwa kitambaa hicho hicho, suuza, angalia. Yaliyobaki rudia. Yanayogoma kabisa tumia wembe mpya, kioo kikiwa kimelowa maji ya sabuni, wembe uulaze usiusimamishe, na unasukuma upande mmoja tu, hakuna kurudi nao nyuma. Stiliwaya ipo inayofaa kioo, ile laini kabisa yenye namba 0000, lakini ya kusugulia masufuria inachora kioo, usije ukaazima jikoni.

Rangi: siki hiyo hiyo lakini changanya nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi. Jaribu kwanza pahali pasipoonekana, mfano chini kabisa ya mlango. Fanya kipande kidogo kidogo, lowesha, hesabu dakika moja au mbili tu, futa bila kukandamiza, suuza kwa maji mengi halafu pitisha shampuu kuondoa asidi yote, kausha ndo uhamie kipande kingine. Isikaukie kwenye rangi. Siki inaondoa na waksi iliyokuwepo, kwahiyo ukimaliza paka waksi mpya la sivyo umeiacha rangi uchi. Kama siki huna, ndimu iliyochujwa vizuri inafanya kazi hiyo hiyo, chuja kweli maana vile vinyama vya ndimu vinaganda kila kona.

Mwl. Kemia Tabora

Salaam kutoka Tabora. Fundi ameeleza vizuri sana, mimi niongezee kwanini inakuwa hivyo, maana ukijua kwanini huwezi kudanganywa na mtu wa dawa ya dakika mbili.

Mvua ikishuka ardhini inabeba kaboni dayoksaidi iliyopo kwenye udongo, maji yanakuwa na uasidi kidogo, yakipita kwenye miamba yanayeyusha kalsiamu na magnesiamu. Humo ndani ya maji vinakaa kama baikaboneti, huvioni, maji ni meupe kabisa unakunywa. Tone likikaukia kwenye boneti ile gesi inatoka na kinachobaki ni kaboneti, na hii tofauti na mwanzo haiyeyuki tena kirahisi ukiimwagia maji, ndo maana umeosha na shampuu imerudi. Ni kitu kile kile kinachoganda chini ya birika la umeme. Na ule mstari wa pembeni uliouona uko sahihi, tone linakauka kuanzia ukingoni kwahiyo maji ya katikati yanavutwa kwenda pembeni yakiwa yamebeba mzigo wao, yanaushushia pale.

Wengi wanasema gari limeliwa na chumvi wakiwaza chumvi ya mezani. Chumvi ya Uvinza ukiimwaga kwenye boneti unaisuuza kwa maji ya bomba inakwisha. Hii nyingine inahitaji asidi. Siki ikigusa kaboneti inatoa vipovu vidogo vidogo, hiyo ni kaboni dayoksaidi inarudi hewani, na hicho ndo kipimo chako: weka tone moja la siki juu ya doa, vikitoka vipovu na doa likapungua basi uko kwenye njia. Ukiweka kimya, hakuna kipovu, doa liko vile vile, basi ama ni silika (madini kama ya mchanga) ama ni kioo au rangi yenyewe imeshaliwa, hata uogeshe siki lita nzima hakuna kitakachobadilika.

Sasa sikilizeni hili ni la hatari. Siki, ndimu, dawa ya choo, chochote chenye asidi, usikichanganye na jiki hata kidogo. Inatoka gesi ya klorini inayochoma mapafu. Nimeona mtu anaandika kwenye magrupu eti changanya vyote ili iwe kali. Hapana jamani. Usifanye.

Maji yasiyo na chumvi aliyoyasema fundi yanapatikana kila duka la spea, ni maji ya betri. Lakini soma chupa vizuri, muulize na muuzaji, kwasababu maduka mengi maji ya betri na asidi ya betri vinakaa rafu moja na chupa zinafanana. Ya pili ni asidi ya salfyuriki, ukiimwaga kwenye gari au kwenye mkono wako ukidhani ni maji umejichoma. Kipindi cha masika ukikinga maji ya mvua yanatosha, hakuna haja ya kununua.

Binti wa Kibirizi

Shikamoo mwalimu, na fundi pia. Mimi nina sehemu ya kuoshea magari, maji yetu tunatoa ziwani. Swali langu, maji ya ziwa yanaonekana masafi mpaka unaona mawe chini, mbona magari meusi tukiyaacha yakauke yenyewe yanabaki na alama? Za kwetu si nzito kama za mleta mada lakini zipo.

Mwl. Kemia Tabora

Marahaba dada. Kuonekana kwa mawe chini kunakwambia hakuna tope, hakukwambii kilichoyeyuka ndani. Tanganyika inapoteza maji yake mengi zaidi kwa kuvukizwa na jua kuliko yanayotoka kwa mto Lukuga upande wa Kongo. Jua linachukua maji peke yake, madini yanabaki. Na juu huko mto Ruzizi unateremsha madini mengine kutoka ziwa Kivu. Imekuwa hivyo kwa muda mrefu sana, ndo maana maji yenu ni ya alikali, pH yake ni kama 9 hivi, na magnesiamu ni nyingi kuliko kalsiamu. Ziwa Victoria ni tofauti kabisa, maji yake ni laini, na sisi Tabora tangu tuanze kuletewa maji ya huko naona hata masufuria yanapona. Ila wenzetu wa visima huku wako kwenye shida ile ile ya mleta mada.

Binti wa Kibirizi

Asante sana mwalimu nimeelewa. Basi mimi nichangie kinachotusaidia pale kwetu maana hatuwezi kubadilisha ziwa.

La kwanza gari halioshwi juani. Mteja akija saa saba mchana na gari jeusi limetoka safari namwomba avute kivulini boneti ipoe, wengine wananuna lakini nikimuonyesha lile povu linavyokauka kabla hata hujashika mpira wa maji ananielewa. Wateja wa asubuhi kabla ya saa tatu gari zao ndo zinatoka nzuri kuliko zote.

La pili hatuoshi gari zima ndo tukaanza kukausha. Unaanza na paa, unasuuza, vioo, unasuuza, boneti, na gari linabaki limelowa muda wote mpaka mwenye taulo anafika. Taulo ni la maikrofaiba, linalazwa juu ya boneti linavutwa, halisuguliwi. Halafu unafungua milango, boneti na mlango wa nyuma unafuta kwenye mikunjo, kwasababu hapo ndo maji yanajificha na gari likiondoka yanachuruzika yanakaukia njiani, mteja anarudi kesho anakwambia hamkuosha vizuri. Sait mira ndo mbaya zaidi, maji yanakaa ndani ya kile kifuniko yanatiririka mlangoni baadaye, nasimama hapo na taulo nabonyeza kioo chake pole pole mpaka yaishe.

La tatu kipindi cha mvua tuna pipa la maji ya bati, ile mvua ya kwanza tunaiacha ipite iondoe vumbi la kwenye bati ndo tunakinga. Gari jeusi tunaosha na maji ya ziwa, tunamalizia ndoo moja ya maji ya mvua. Utofauti unauona hata kwa macho.

Na jamani lile tanki dogo la maji ya waipa watu wanajaza maji yoyote tu. Ukijaza ya kisima kila ukipiga waipa unajipakia madoa mwenyewe kwenye kioo, na vile vitundu vya kurushia maji vinaziba.

Mpangaji wa Mwanga

Wakuu nimerudi kutoa mrejesho. Nimefanya jumamosi asubuhi kivulini, siki nyeupe kutoka sokoni na maji ya betri (nimesoma chupa mara mbili mbili mwalimu). Kioo cha mbele kimekubali, nilipobandika yale makaratasi nikatega sikio kabisa, vipovu vinasikika kwa mbali, na nilipotoa ile mistari ya duara imekuwa laini kama uji inafutika. Palipogoma ni pale chini waipa zinapolala, hapo nimetumia wembe kama fundi alivyoelekeza na pametoka. Jana usiku nimeendesha, taa za mbele yangu zinaonekana taa, sio ukungu. Nashukuru sana sana.

Sait mira nayo safi. Boneti sasa, karibu yote imetoka ila katikati pale panapopata jua zaidi zimebaki duara kama kumi na kitu, nikipitisha nailoni pako laini kabisa. Nimeweka siki tena hakuna kipovu. Hapo ndo zimekula sio? Na je nipige kompaundi mwenyewe au nikuletee fundi?

Fundi Rangi Ujiji

Safi sana mkuu. Ndiyo hizo zimekula, siki kazi yake imeisha hapo usiendelee nayo.

Kwanza ziangalie zina kina gani. Simama pembeni jua likiwa limelala, saa kumi na moja jioni hivi, ukiona duara tu bila shimo jaribu kwa mkono mwenyewe: kompaundi laini kabisa, sio ile nzito ya kukatia, kiasi cha punje ya hindi kwenye pedi ya sponji, sugua eneo dogo kama kiganja kwa kukandamiza kidogo, futa, angalia. Ukiona imepungua rudia, baada ya hapo polishi halafu waksi. Ukingo wa boneti na ule mkunjo wa katikati usiguse na kompaundi, pale klia ni nyembamba kuliko pengine pote na ndo panatoboka kwanza.

Ukiona kabisa kuna shimo, lete. Lakini nikwambie ukweli, nikipima nikaona kuzimaliza zote inabidi nikate klia nyingi nitakushauri tuziache nusu. Duara mbili tatu hafifu unazoziona wewe peke yako saa kumi na moja jioni ni afadhali kuliko boneti inayopauka na kubanduka miaka miwili ijayo kwasababu klia imeisha. Kuna mafundi watakukubalia zote zitoke ziishe ili wapate hela, klia wakishaikata hairudi mpaka upige rangi.

Na hilo boya la tanki lisimamie mwenyewe, nunua umpe fundi bomba alifunge, makubaliano na mwenye nyumba mtafanya kwenye kodi. Ukisubiri kiangazi kijacho utanitafuta tena. Wakati unasubiri weka waksi ya kutosha, tone likikaa juu ya waksi linajikunja linakuwa dogo na kulitoa ni rahisi, lakini usidhani waksi inazuia, ukiliacha likakaukia juani litakula tu.

Dereva Noah

Fundi nimekusoma na mawese nimeacha. Swali la mwisho na mimi nitulie, Noah yangu vioo vya pembeni vina tinti na vina madoa hayo hayo ya maji, je siki na wembe vinafaa? Na kuna jamaa aliniambia kuna unga wa kusagia kioo ukishindwa vyote.

Fundi Rangi Ujiji

Tinti karibu zote zinabandikwa upande wa ndani, kwahiyo nje tumia siki na wembe kama kioo cha kawaida. Hakikisha kwanza, shusha kioo kidogo uangalie ukingo wa juu, utaona karatasi inaishia upande gani. Ndani usipeleke wembe wala stiliwaya, hata siki usiweke, kitambaa laini na maji ya sabuni basi.

Huo unga upo, ni seriamu oksaidi, unachanganywa na maji unasugulia na pedi ya felti kwenye mashine. Unasaidia kioo kilicholiwa kidogo sana. Vioo vya pembeni naweza kukufanyia ila mpaka niagize Dar. Cha mbele sipendi kukigusa nao, ukikaa sehemu moja sana kioo kinabonyea kwa kiasi usichokiona kwa mkono lakini ukikaa kwenye usukani barabara inaonekana kama inacheza, na mbele ya dereva hilo ni baya kuliko doa. Cha mbele kikiliwa kabisa badilisha.